Sahani ya Jirani Hairudi Tupu

Pasta Nafer alipoletwa kanisani kwetu alikuwa bado kijana, mwembamba kama ufito, na miwani yake ilikuwa haiachi kuteleza puani kwa jasho la Lorica, mji wetu wenye joto. Kanisa letu zamani lilikuwa ukumbi wa biliadi. Hadi leo ukifumbua macho wakati wa maombi utaona ukutani tangazo la bia, limepakwa chokaa tena na tena na bado linachungulia. Jumapili moja, Kwaresima ikiwa imeshaanza, tulijiweka tayari kusikia habari za moto wa milele, kama tulivyozoeshwa na pasta aliyemtangulia. Badala yake akatuuliza swali.

"Nani kati yenu amewahi kula kwa jirani asiyesali hapa?"

Feni ikabaki inalalamika peke yake.

"Haya. Nani anazijua dhambi za jirani yake?"

"Amina!" tukaitikia sote kwa furaha.

Pasta akavua miwani, akaifuta, akairudisha. Akasema kuanzia siku ile mpaka Pasaka kila nyumba ijitafutie rafiki mmoja mtaani. Tupike nao, tucheze nao mpira, turushe nao tiara, tucheze nao domino. Hapo mzee Argemiro akapaliwa.

"Ndiyo, domino, ndugu Argemiro. Vipande vya plastiki havijampeleka mtu jehanamu. Ila sikilizeni: marufuku kuhubiri, marufuku vipeperushi, marufuku kipaza sauti. Urafiki mtupu."

Mimi sikuhangaika. Nilimchagua jirani wa kushoto, ambaye ni dada yangu wa tumbo moja. Pasta alipogundua akasema hiyo haihesabiki. Lakini kisa hiki si changu. Ni cha shemasi Delcy Marriaga, kwa sababu pasta alipouliza nani ana jirani mgumu kuliko wote, kanisa zima liligeuza shingo kumtazama yeye, hata watoto.

Delcy alikuwa mwanamke wa hamsini na ushee, mnene wa mabega, mwenye mwendo wa mtu anayekwenda kukomesha ugomvi. Mumewe Eliécer alikuwa fundi pikipiki, mtu wa maneno machache na hamu kubwa ya chakula. Nyumba yao imeungana ukuta mmoja na nyumba ya Bi Ubaldina Pertuz, mjane wa miaka sabini hivi, Mkatoliki wa rozari shingoni, mpishi hodari, na mdomo wake haukuwa na breki. Kiini cha uhasama wao kilikuwa kelele. Alfajiri Delcy alisali uani kwa sauti ya kuamsha wafu. Jumapili asubuhi, wakati sisi tunaanza ibada hatua chache kutoka hapo, Bi Ubaldina alifungulia spika aliyoachiwa na marehemu mumewe, ndefu kama kabati, ikapiga nyimbo za kodiani mpaka vikombe vinacheza mezani.

Miaka ya nyuma Delcy alipenyeza kipeperushi chini ya mlango wa Bi Ubaldina. Juu kimeandikwa kwa herufi nyekundu: UNAKWENDA WAPI? Kesho yake alikikuta chini ya mlango wake mwenyewe, na chini ya swali kuna jibu la kalamu: "Sokoni. Nikuletee nini?" Tangu siku hiyo hawakusalimiana.

Mimi ni fundi cherehani. Nyumba yangu inatazamana na zao, na mashine yangu iko mlangoni kwa ajili ya upepo, kwa hiyo nisiyoyaona katika mtaa ule ni machache. Jumatatu nikamwona Delcy anatoka kwake amevaa nguo ya kanisani, ameshika keki kwa mikono miwili, uso umekaza kama anabeba jeneza. Akagonga geti la Bi Ubaldina.

Bi Ubaldina akatoka na kanga ya kichwa ikiwa upande. Akaitazama keki. Akamtazama Delcy.

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, Bi Ubaldina."

"Eliécer mzima?"

"Mzima."

"Basi unataka nini?"

"Sitaki kitu. Nimekuletea keki."

"Keki ya nini?"

"Keki ya... kula."

Bi Ubaldina akaipokea. Kabla ya kusema ahsante akainyanyua sahani juu ya kichwa, akachungulia chini yake kama kuna kipeperushi kimebandikwa. Alipoona hakuna, akashangaa zaidi.

"Haya," akasema. "Mungu akulipe, maana mimi sijajiandaa."

Delcy aliporudi, akapita kwangu kwanza. "Dada Osiris, umeona? Nimemaliza. Rafiki nimempata." Akapangusa mikono kama mtu aliyemaliza kufua.

Kumbe hajui alichoanzisha. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Ukirudisha tupu, bora uhame. Kesho yake sahani ya Delcy ilirudi imesheheni karimanyola, yale maandazi ya muhogo yenye nyama ndani, bado yanachuruza mafuta. Eliécer akala akilamba vidole mpaka kwenye viwiko. Delcy hakula hata moja.

"Unaona dharau hii?" akaniambia. "Ananilipa! Kama mimi muuza keki!"

"Dada, ni adabu tu."

"Adabu gani? Keki moja, karimanyola sahani nzima, na jibini lililonyunyizwa juu? Huyu anataka niwe na deni lake."

Akampelekea wali wa nazi na samaki wa mto Sinú aliyekaangwa mzimamzima. Bi Ubaldina akarudisha bakuli la supu ya viazi vikuu na jibini, bakuli kubwa kuliko lile lililokwenda. Delcy akapeleka sufuria ya mchuzi wa kuku wa kienyeji. Bi Ubaldina akarudisha sufuria ina wali uliofungwa kwenye majani ya mgomba, na majani yenyewe yamefungwa kwa kamba ya rangi, kama zawadi ya harusi. Sahani ikawa bakuli, bakuli likawa sufuria, sufuria ikawa beseni. Neno walilobadilishana getini lilikuwa lile lile moja: "Chombo chako." "Ahsante." "Chombo chako." "Ahsante." Kila mmoja anageuka haraka kabla mwenzake hajapata nafasi ya kuwa mwema zaidi.

Mtaa mzima ulikuwa unafuatilia. Watu wa domino pale kona, ambao sasa walikuwa na mzee Argemiro mezani, walisimamisha mchezo kila beseni lilipovuka. (Mzee Argemiro alikuwa amekwenda mara moja tu, kwa ajili ya Bwana. Hadi leo anakwenda kila alasiri, kwa ajili ya Bwana.)

Aliyefaidi ni Eliécer. Mkanda wake ulihama tundu, ukahama tena, mwisho akauacha nyumbani. "Mke wangu," akasema siku moja huku anachokoa meno, "huu urafiki tusiuvunje kabisa."

"Si urafiki, Eliécer! Sijawahi hata kukaa kwenye kiti chake!"

"Basi huu uadui tusiuvunje."

Wiki mbili kabla ya Pasaka Delcy akapeleka kikapu cha mapapai, mayai na jibini zima, akaja kukaa kwangu akitabasamu. "Hapo atajibu nini?" Hatukumaliza kahawa. Bi Ubaldina alitokea amebeba kikapu kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine anavuta kamba. Mwisho wa kamba kulikuwa na bata mzinga dume, mweusi, shingo nyekundu, ana hasira za karani wa manispaa.

"Kikapu chako, jirani," akasema Bi Ubaldina. "Nilitaka akae ndani yake, akakataa."

Delcy akapokea kamba kama mtu aliyekabidhiwa nyoka. Nimesali naye miaka mingi na sijapata kumwona hivyo.

Sasa yule bata mzinga alikuwa na tabia moja. Ukipaza sauti, anaitikia. Alfajiri ya kwanza Delcy alipoingia uani na kuita "Haleluya!", ndege akajibu "Gblu-gblu-gblu!" Akaita tena kwa nguvu zaidi, ndege naye akazidi. Ng'ambo ya ukuta tukasikia kicheko cha kikongwe, kile cha kukohoa. Siku zilizofuata shemasi wetu alisali kwa kunong'ona, na mtaa ukalala mpaka jua likachomoza. Watu wasiosali popote walimpelekea Bi Ubaldina shukrani.

"Mchinje," nilimwambia Delcy.

"Eliécer hataki. Kampa jina."

"Jina gani?"

"Diputado, yaani mbunge. Anasema anapiga kelele na hafanyi kazi."

Huyo Diputado ndiye aliyemvunja Eliécer mgongo. Aliruka juu ya mabati, Eliécer akapanda kumfuata, bati likamsaliti, akatua kwenye ndoo ya kufulia. Hakuvunjika mfupa, ila akawa anatembea amejikunja kama herufi iliyoandikwa na mtoto. Na hilo likatokea wakati mbaya, maana Delcy alikuwa ameshaamua kupiga pigo la mwisho.

Katika juma takatifu nyumba za Wakatoliki wa kwetu hupika vitamu na kupelekeana: vya viazi vikuu, vya papai, vya ufuta, vya mbaazi. Sisi wa kanisa la biliadi tulikuwa hatupiki, tukisema ni mambo ya dini ya zamani, ingawa tulikuwa tunapita taratibu sana mbele ya majiko ya watu. Delcy akakumbuka mbaazi tamu za marehemu mama yake: mbaazi zilizopondwa, tui zito, sukari guru, mdalasini, karafuu. Akasema atapika chungu ambacho Bi Ubaldina hana chombo cha kukijibu. Akaenda kanisani, akaazima sufuria lile la sikukuu ambamo mtoto anaweza kuogelea.

Jumatano mchana nikaenda kwake kumpima gauni la Pasaka, nikamkuta uani, mafiga yanawaka, moshi machoni, mwiko mrefu kama kasia mikononi. Jua lilikuwa utosini. Mbaazi zilikuwa zimeanza kushika, na anayejua kitamu hiki anajua kwamba hapo ndipo huruhusiwi kuacha kukoroga hata kwa kupiga chafya. Ukiacha, kinashika chini, na kikishika chini, mtaa mzima utajua kwa pua.

"Umeanza saa ngapi?" nikamuuliza.

"Usiniulize. Koroga kidogo nijifute jasho."

Nikashika mwiko. Nilizungusha kidogo tu, akaninyang'anya. "Unakoroga kama unafua soksi! Acha!"

Eliécer alikuwa amekaa kwenye kiti cha kubembea, mto mgongoni, akitoa ushauri. Akaambiwa anyamaze. Diputado, aliyefungwa kwenye mlimao, akaambiwa anyamaze. Delcy akakoroga. Mkono wa kulia ukachoka, akabadili wa kushoto. Wa kushoto ukachoka, akaukumbatia mwiko kwa kwapa akawa anazunguka na sufuria kama punda wa kinu. Uso ulikuwa mwekundu, na mimi nikaanza kuogopa kweli.

"Dada, epua."

"Siepui. Hazijaiva."

"Basi niite mtu."

"Mimi tangu niolewe sijamwomba mtu hata njiti ya kiberiti!"

Ndipo sauti ikatoka ng'ambo ya ukuta, tulivu kabisa, kama mtu aliyekaa huko muda mrefu anasikiliza.

"Delcy. Inaungua hiyo."

"Haiungui!"

"Inaungua upande wa kulia. Nasikia mwiko unakwaruza."

"Haikwaruzi, Bi Ubaldina, ahsante sana!"

"Umetia sukari guru mapema. Mama yako alikuwa anatia mwisho."

Delcy akasimama sekunde moja. Sekunde moja tu, na harufu ikatufikia. Akarukia mwiko tena, machozi yanamtoka, sijui ya moshi au ya nini.

"Ulimjua mama yangu?" akauliza, sasa kwa sauti ndogo.

"Nani alinifundisha mimi hizo mbaazi? Nilikuwa msichana mdogo, nikimpondea hapo mlangoni kwake mtaa wa mto. Wewe ulikuwa bado kwenye nepi, unapiga kelele kama sasa."

Nikamwona Delcy anatazama sufuria, anamtazama Eliécer aliyejikunja, ananitazama mimi na mikono yangu ya soksi. Kisha akasema kitu kifuani mwake.

"Nini?" sauti ikauliza kutoka ng'ambo.

"Nisaidie."

"Sisikii, mwanangu. Hili bata lako lina kelele."

"NISAIDIE, BI UBALDINA!"

"Gblu-gblu-gblu!" akaitikia Diputado.

"Basi si useme," akajibu bibi. "Nakuja."

Sisi tulidhani atazunguka apite mlangoni kama binadamu. Lakini mbaazi hazikuwa na muda huo, na Bi Ubaldina alilijua hilo kuliko sisi. Tukasikia pipa linaburutwa. Kikatokea kitambaa cha kichwa, kikatokea kichwa, zikatokea rozari na kifua, halafu mguu mmoja. Mguu wa pili haukutokea. Bibi wa miaka sabini akawa ameketi juu ya ukuta kama mpanda farasi, mguu mmoja kwake, mguu mmoja kwa walokole, na pipa huko nyuma limeanguka.

"Sasa," akasema, bado mtulivu, "nadhani nimekwama."

"Bikira Mtakatifu!" akapiga kelele Delcy, neno ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake. "Osiris, koroga! Koroga hata kama soksi!"

Nikakoroga. Delcy akakimbilia ukuta, akamshika bibi mguu. Eliécer akainuka na mgongo wake, akasema yeye atashika kiuno.

"Kiuno cha nani?" akauliza Bi Ubaldina.

"Chako, bibi."

"Mkeo yupo?"

"Nipo," akasema Delcy, "shika, Eliécer, shika!"

Katika mvutano ule kamba ya Diputado ikakatika, naye alipoona miguu mingi hivyo akaamua kushambulia wote bila ubaguzi. Alimdonoa Eliécer. Eliécer akaachia. Bi Ubaldina akashuka ukutani kwa kasi ambayo hakuipanga, akamwangukia Delcy, Delcy akamwangukia Eliécer, na Eliécer, aliyekuwa amejikunja kwa siku kadhaa, akasikika "kakh!" na mgongo ukanyooka.

Walibaki chini hapo kwenye vumbi. Nilidhani Delcy analia, maana mabega yalikuwa yanatikisika. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka akashindwa kuvuta pumzi, na Bi Ubaldina juu yake naye anacheka kile kicheko chake cha kukohoa, kila mmoja akijaribu kuinuka anamshika mwenzie, wanaanguka tena.

"Hebu tokeni huko!" nikapiga kelele. "Mimi mikono imekufa!"

Bi Ubaldina akajikung'uta, akaja, akaninyang'anya mwiko, akaonja kwa ncha ya kidole. Akafikiri.

"Imeungua kidogo," akasema. "Tuseme imepata moshi. Watu wataipenda, tutawaambia ndivyo inavyopikwa Cartagena. Leteni chumvi, chembe tu, na wewe Delcy lete kiti ukae, maana ukianguka sikuokoti tena."

Wakakoroga kwa zamu, huyu akichoka anampa yule, na kwa kuwa mwiko hauna haraka, maneno yakaanza kutoka. Bi Ubaldina akasema Jumapili ndiyo siku mbaya kwake, maana zamani nyumba ilijaa: mume, watoto, wajukuu. Sasa mume yuko makaburini na watoto wako Barranquilla, na nyumba ikinyamaza anasikia masikio yake mwenyewe. Ndiyo maana anafungulia spika.

Delcy akawa anatazama moto. "Mimi nilidhani unatukomoa."

"Kidogo na hilo," akakiri bibi.

"Nami nisamehe kwa kelele za alfajiri."

"Kelele gani? Zile ndizo saa yangu. Nazijua habari zako zote, mwanangu. Najua goti lako la kushoto. Najua Eliécer alivyopoteza kazi ule mwaka wa mafuriko. Najua ulivyokuwa unamwomba Mungu anihamishe."

Eliécer akajifanya anamtafuta Diputado. Mimi nikainama kuchochea kuni. Delcy akawa wa rangi ya zile mbaazi.

"Ulisikia?"

"Ukuta huu ni wa tofali moja. Nilikuwa nasema amina. Mimi mwenyewe nilitaka kwenda kwa mwanangu, ila mkewe hajui kupika." Akageuza mwiko. "Na binti yako Yurleidis alipokuwa anafanya mtihani wa uuguzi, ulilia hapo juma zima. Nikamwashia mshumaa."

"Mshumaa?"

"Mshumaa. Mrefu. Kwa Bikira wa Karmeli."

"Bi Ubaldina! Kwa binti yangu? Mshumaa kwa sanamu?"

"Alifaulu au hakufaulu?"

Kuni zikalia.

"Alifaulu," akasema Delcy.

"Basi koroga, zamu yako."

Delcy akapokea mwiko. Bila kugeuza uso akasema, "Mwaka ule hakuna mwingine aliyeniuliza habari za ule mtihani. Hata kanisani." Bi Ubaldina akatoa kitambaa cha kichwa chake, akamfuta jasho la shingo kama anavyofutwa mtoto, akakirudisha kichwani pake kikiwa kimelowa.

Jioni ile mbaazi tamu zilitoka katika vikombe vya plastiki, zikapelekwa nyumba hadi nyumba na wanawake wawili waliojaa masizi. Kila mlango Bi Ubaldina alitangaza, "Hii ndiyo ya Cartagena, yenye moshi," na kila mlango Delcy alisema, "Imeungua, tusameheane," na wakabishana hapo hapo mbele ya mwenye nyumba. Pasta Nafer alikula vikombe vitatu, akaomba maelezo ya mapishi.

Jumapili ya Pasaka, wakati wa ushuhuda, pasta akamwita Delcy mbele. Tulitega masikio, tukitazamia kusikia roho iliyookolewa. Bi Ubaldina hakuwa kanisani kwetu. Alikuwa kwenye misa yake, kama siku zote.

"Sijamhubiria," akasema Delcy. "Nilijaribu jana kidogo, akaniambia nimenye vitunguu. Nampenda sana yule mama. Naomba mniombee, ana ulimi mbaya." Akashuka. Kulikuwa na amina nyingi kuliko alizowahi kupata kwa mahubiri yoyote.

Jumatatu yake Bi Ubaldina alipata lori la mpwa wake, akasema mtaa unakwenda baharini San Bernardo, atakaye apande. Tulipanda kwa kubanana, walokole, Wakatoliki, na wale wa domino wasio na upande. Delcy alisema yeye atakaa tu kivulini amevaa viatu, maana hajaingia majini tangu alipobatizwa.

"Wakati ule ulizama ukatoka mtakatifu," Bi Ubaldina akamwambia. "Ingia tena, labda utatoka na adabu."

"Sina nguo za kuogelea."

"Mimi ninazo?" Na kweli, bibi alikuwa anaingia na gauni lake la maua, rozari shingoni, amenyanyua pindo mpaka magotini. Akamshika Delcy mkono akamvuta. Delcy alipiga kelele kwa kila wimbi kana kwamba linamjia yeye peke yake. Wimbi la kwanza likachukua kiatu chake kimoja. La pili likawaangusha wote wawili. Waliibuka wanatema maji, wameshikana mikono, na Delcy anauliza kwa ukali, "Hiki kiatu changu utanilipa wewe au Bikira wako?"

"Muulize Petro, yeye ndiye mvuvi!"

Walikaa majini mpaka vidole vikakunjamana. Tuliwaita kula samaki, hawakutoka. Eliécer alikula sehemu zao, mgongo wake umenyooka vizuri.

Wakati wa kurudi jua lilikuwa linaelekea kuzama, na Delcy, nywele zimejaa mchanga, mguu mmoja peku, akalala palepale kwenye benchi la lori, kichwa kikaangukia bega la Bi Ubaldina. Haukupita muda akaanza kukoroma, mkoromo wenye kupanda na kushuka, unaonguruma, unatulia, unaanza upya kwa nguvu.

"Sikilizeni," akatuambia Bi Ubaldina. "Hata akilala anahubiri."

Tulicheka kimyakimya tusimwamshe. Kisha bibi akamtandazia taulo mabegani, akagonga bati la kichwa cha lori kwa kiganja, akamwambia mpwa wake apunguze mwendo penye mashimo.